Jinsi ya kusoma na kuandika majina ya temperamenti, kuanzia 19-EDO hadi Porcupine[7]

Swali linalonijia mara nyingi kuliko mengine yote kuhusu majina ya mifumo ya kupanga noti za muziki ni hili: "Mwalimu, 19-EDO na meantone ni kitu kimoja au ni vitu viwili?" Linalolifuata kwa karibu huulizwa na mtu aliyepakua faili lenye jina Porcupine[7] 22-EDO, akadhani kwamba huyo Porcupine ndiye mtunzi. Maswali haya nimeyajibu kwa mtu mmoja mmoja kwa muda mrefu, na kila mara nalazimika kuanza upya na namba zilezile. Nimeona niyaandike majibu mahali pamoja, hatua kwa hatua, ili anayeanza ashike kalamu na kikokotoo na afuate mwenyewe.

Mwongozo huu ni wa mtu anayejua do, re, mi, anayefahamu kwamba kinanda cha kawaida kina noti 12 katika kila oktava, na ambaye amekwisha kusikia kwamba kuna vyombo na programu zinazotumia noti 17, 19, 22 au 31 badala ya hizo 12. Sitafundisha utunzi, wala sitajadili mfumo upi ni bora. Ninachotaka ni kwamba ukikutana na jina ujue linakuambia nini na linakuficha nini, na ukiwa na mpangilio wako mwenyewe uweze kuupa jina ambalo mwenzako aliye mbali atalielewa bila kukuuliza tena.

Mahitaji kabla ya kuanza

- Karatasi, kalamu na kikokotoo. Kile cha simu kinatosha.
- Programu au kinanda cha kielektroniki kinachosoma mafaili ya Scala, yaani yale yanayoishia na .scl. Bila hicho bado utaweza kufanya hesabu zote, lakini hutasikia kitu.
- Namba tatu, ambazo ni vema uziandike juu ya karatasi yako: kwa 3 andika 1.58496, kwa 5 andika 2.32193, na kwa 7 andika 2.80735. Namba hizi zinaeleza ni oktava ngapi zinazotenganisha 1 na kila mojawapo ya namba tasa hizo. Kwa 2 jibu ni 1 kamili, kwa sababu 2/1 ndiyo oktava yenyewe.

Nadharia ya lazima

Chukua do ya chini, kisha panda kwa umbali wa do hadi so mara nne mfululizo: utapita so, re na la, na utaishia kwenye mi. Ikiwa kila mruko ni uwiano safi wa 3/2, mi unayoifikia, ukishaishusha oktava mbili, ina uwiano wa 81/64 na do uliyoanzia. Lakini mi inayotulia na do bila sauti kutetema ni ya uwiano wa 5/4, yaani 80/64. Tofauti ya mi hizo mbili ni 81/80, na tofauti ndogo ya namna hii huitwa koma. Kwa kipimo cha senti, ambacho Alexander Ellis alikitambulisha katika miaka ya 1880 na ambacho kwacho oktava moja ina senti 1200, koma hiyo ni takriban senti 21.5.

Temperamenti ni uamuzi wa kuifuta koma fulani: kila so inashushwa kidogo ili mi mbili ziwe mi moja. Uamuzi wa kuifuta 81/80 ndio uitwao meantone. Hiyo ndiyo nadharia yote utakayoihitaji hapa.

Hatua ya 1: Tambua jina linajibu swali gani

Majina yote utakayokutana nayo yanajibu mojawapo ya maswali matatu. La kwanza ni la mpangilio: kila noti ina senti ngapi hasa? La pili ni la temperamenti: koma ipi imefutwa? La tatu ni la skeli: umechukua noti ngapi, na zimepangwaje? Karibu kila mkanganyiko ninaoletewa unatokana na mtu kulipokea jibu la swali moja kana kwamba ni jibu la jingine.

Tazama mfano wa meantone. Mwaka 1523 Pietro Aaron alieleza namna ya kupanga nyuzi ambayo leo tunaiita meantone ya robo-koma, kwa sababu kila so inapunguzwa robo ya 81/80 na kubaki na senti 696.58. Mwaka 1577 Francisco de Salinas alieleza ya theluthi-koma, ambayo so yake ina senti 694.79. Hiyo ni mipangilio miwili tofauti, na sikio lililozoea litaitofautisha, lakini temperamenti ni moja, kwa kuwa zote mbili zinafuta koma ileile. Kwa hiyo mtu akikuambia "kinanda changu kimepangwa kwa meantone", bado hajakuambia senti hata moja.

EDO ni kifupi cha maneno ya Kiingereza yenye maana ya mgawanyo sawa wa oktava, na jina la aina hii ni la mpangilio: 19-EDO ni oktava iliyogawanywa mara 19 sawasawa. So ya 19-EDO ina senti 694.74, karibu kabisa na ile ya Salinas. So ya 31-EDO, mgawanyo ambao Nicola Vicentino aliukaribia mwaka 1555 na Christiaan Huygens akaukokotoa mwaka 1691, ina senti 696.77, yaani inatofautiana na ya Aaron kwa senti 0.2 tu. Jibu la lile swali la kwanza, basi, ni hili: 19-EDO ni mpangilio mmoja kati ya mingi inayotekeleza meantone. Ni kama kuuliza kama wali wa nazi na wali ni kitu kimoja.

Hatua ya 2: Pata ukubwa wa hatua

Gawanya 1200 kwa idadi ya noti. 15-EDO inakupa senti 80 kamili, 17-EDO senti 70.59, 19-EDO senti 63.16, 22-EDO senti 54.55, na 31-EDO senti 38.71. Baki na walau tarakimu tatu baada ya nukta unapoandika faili, maana makosa madogo hujumlishana kadiri unavyopanda.

Hatua ya 3: Tengeneza ramani

Ramani ni orodha fupi inayosema namba tasa 2, 3 na 5 ziko hatua ngapi juu ya 1 katika mgawanyo wako. Zidisha idadi ya noti kwa zile namba ulizoandika juu ya karatasi, kisha chukua namba nzima iliyo karibu zaidi.

Kwa 19-EDO: kwa 2 ni 19, kwa 3 ni 19 × 1.58496 = 30.11, yaani 30. Kwa 5 ni 19 × 2.32193 = 44.12, yaani 44. Tunaandika ⟨19 30 44].

Kwa 22-EDO: 22 × 1.58496 = 34.87, yaani 35, na 22 × 2.32193 = 51.08, yaani 51. Tunaandika ⟨22 35 51].

Mabano ya ajabu, ya pembe upande wa kushoto na ya mraba upande wa kulia, si kosa la uchapaji. Yanamwambia msomaji kwamba hii ni ramani ya mgawanyo na si orodha ya vipeo vya koma, ambayo huandikwa mabano yakiwa yamegeuzwa. Ukisimama kwenye 5, tunasema ramani yako ni ya kikomo cha 5; ukiongeza 7, ni ya kikomo cha 7.

*Tahadhari.* Usikadirie uwiano mwingine wowote moja kwa moja kutoka kwenye senti zake. Kadiria namba tasa peke yake, na zilizobaki uzipate kutoka kwenye ramani. Hatua inayofuata itaonyesha hasara ya kutofanya hivyo.

Hatua ya 4: Ijaribu koma

Vunja koma katika vipeo vya namba tasa. 81/80 ni 3 mara nne juu, 2 mara nne chini na 5 mara moja chini. Kila kipeo kizidishe kwa namba yake kwenye ramani, zilizo chini ya mstari wa sehemu zichukue alama ya kutoa, kisha jumlisha. Jibu likiwa sifuri, koma imefutwa.

19-EDO: (4 × 30) − (4 × 19) − 44 = 120 − 76 − 44 = 0. Imefutwa, kwa hiyo 19-EDO ni meantone.

12-EDO, yenye ramani ⟨12 19 28]: 76 − 48 − 28 = 0. Kinanda cha kawaida nacho ni meantone, jambo ambalo wengi hawalitarajii.

22-EDO: 140 − 88 − 51 = 1. Haikufutwa, na 22-EDO si meantone.

Sasa rudi kwenye tahadhari yangu. Koma hii ina senti 21.5 na hatua ya 22-EDO ina senti 54.5. Aliyekadiria moja kwa moja angesema 21.5 ni chini ya nusu ya hatua, kwa hiyo ni sifuri, kwa hiyo 22-EDO ni meantone, na angekosea kabisa. Akipanda so nne katika 22-EDO atafika hatua moja nzima juu ya mi, na wimbo alioutunga kwa kutegemea meantone utamaliza juu ya ulikoanzia.

Hatua ya 5: Ongeza herufi pale ramani inapokuwa na utata

Kuna migawanyo ambayo namba tasa fulani huangukia karibu katikati ya hatua mbili. 17-EDO ndiyo mfano ninaoupenda: 17 × 2.32193 = 39.47, na mtu anaweza kuchukua 39 au 40 kwa sababu zinazoeleweka. Ramani inayofuata ukadiriaji wa kawaida, ⟨17 27 39], huandikwa 17 tu, au 17p kwa mtu anayetaka kusisitiza. Ile inayochukua chaguo la pili kwa 5, ⟨17 27 40], huandikwa 17c.

Herufi hizo zinafuata mpangilio wa namba tasa: a ni 2, b ni 3, c ni 5, d ni 7, e ni 11, f ni 13. Wenye fani huziita chunjua, kwa kuwa zimeota pembeni mwa namba kama chunjua inavyoota kidoleni. Herufi ikirudiwa, kama katika 17cc, maana yake ni chaguo la tatu.

Tofauti yake si ya karatasi tu. Jaribu 81/80: kwa 17 ya kawaida ni 108 − 68 − 39 = 1, na kwa 17c ni 108 − 68 − 40 = 0. Kwa hiyo 17c ni meantone na 17 si meantone, ingawa ukibonyeza funguo utasikia sauti zilezile 17. Kilichobadilika ni noti unayoihesabu kuwa mi. Katika 17c mi hiyo ina senti 423.5, yaani imezidi 5/4 kwa senti 37, na binafsi masikio yangu hayaikubali kama mi ya kutulia. Jina linaweza kuwa sahihi kwa hesabu na bado likawa halina faida kwa anayeimba.

Hatua ya 6: Oanisha namba mbili

Mara nyingi utaona temperamenti imeandikwa kwa namba mbili na alama ya "na" katikati: 12 & 19, au 15 & 22. Maana yake ni: chukua kila koma inayofutwa na migawanyo yote miwili. Katika kikomo cha 5 koma hiyo ni moja, na unaipata kwa kuzidisha ramani mbili kwa kupishana. Ziandike moja juu ya nyingine, ukiziacha nafasi za kutosha:

⟨15 24 35]
⟨22 35 51]

Kipeo cha 2: funika safu ya kwanza, zidisha kwa kupishana zilizobaki. 24 × 51 − 35 × 35 = 1224 − 1225 = −1.

Kipeo cha 3: tumia safu ya tatu na ya kwanza. 35 × 22 − 15 × 51 = 770 − 765 = 5.

Kipeo cha 5: funika safu ya tatu. 15 × 35 − 24 × 22 = 525 − 528 = −3.

Umepata 3 mara tano juu, 2 mara moja chini na 5 mara tatu chini, yaani 243/250. Koma huandikwa kubwa juu, kwa hiyo igeuze: 250/243.

*Tahadhari.* Kosa linalorudiwa hapa ni kipeo cha 3. Wengi huanza na safu ya kwanza kisha ya tatu, alama ikageuka, na koma ikatoka isiyojulikana na mtu yeyote. Ukipata tarakimu za ajabu, anza kukagua hapo. Kipimo cha usalama ni kuirudisha koma uliyoipata kwenye Hatua ya 4 kwa ramani zote mbili. Ni lazima zote zitoe sifuri.

Hatua ya 7: Tafuta jina la koma

Majina haya hayakokotolewi. Yanajulikana tu, kama majina ya watu. Haya ndiyo utakayokutana nayo mwanzoni:

- 81/80, senti 21.5: meantone
- 250/243, senti 49.2: porcupine
- 3125/3072, senti 29.6: magic
- 15625/15552, senti 8.1: hanson, au kleismic
- 2048/2025, senti 19.6: diaschismic
- 32805/32768, senti 1.95: schismatic
- 128/125, senti 41.1: augmented
- 648/625, senti 62.6: diminished

Usitafute mantiki moja katika majina yenyewe, kwa sababu haipo. Meantone ni jina la kale la kinadharia. Hanson ni jina la mtu, Larry Hanson. Kleismic limetokana na kleisma, jina ambalo Shohé Tanaka aliipa koma hiyo katika karne ya 19. Porcupine, yaani nungunungu, limetokana na kipande cha Herman Miller kilichotungwa katika 15-EDO na chenye neno hilo katika anwani yake. Orwell, ambayo utakutana nayo katika kikomo cha 7, imeitwa hivyo kwa sababu umbali wake wa msingi ni hatua 19 za 84-EDO, na 19 ikikaa kando ya 84 humkumbusha mtu riwaya ya 1984 ya mwandishi George Orwell. Kuna wanaoyaona majina haya kuwa mzaha uliopitiliza. Mimi nayaona rahisi kukumbuka kuliko 15625/15552.

Na tafadhali usiyatafsiri. Niliwahi kupokea faili lililoandikwa "Nungunungu 7", likanifurahisha, lakini aliyelituma hakuweza kupata msaada popote, kwa sababu hakuna aliyejua anazungumzia nini.

Hatua ya 8: Taja skeli

Temperamenti peke yake haina mwisho. Unaweza kuendelea kupanda so za meantone hadi uchoke. Ili upate skeli lazima ukate mahali. Umbali unaorudiwa ili kuzalisha noti huitwa jenereta (si ile ya kuwashia taa umeme ukikatika), na idadi ya noti ulizochukua huandikwa ndani ya mabano ya mraba: Meantone[7] ni noti saba za meantone, yaani do, re, mi ya kawaida, na Porcupine[7] ni noti saba za porcupine, ambazo hazifanani nayo hata kidogo.

Jenereta unaipata kutoka kwenye namba mbili za Hatua ya 6. Tafuta hatua ngapi za mgawanyo wa kwanza na hatua ngapi za mgawanyo wa pili ambazo, zikizidishwa kwa kupishana, zinatofautiana kwa 1 tu. Kwa 15 na 22 ni 2 na 3, kwa sababu 2 × 22 = 44 na 3 × 15 = 45. Katika 15-EDO hiyo ni senti 160, na katika 22-EDO ni senti 163.6. Kwa 12 na 19 ni 7 na 11: 7 × 19 = 133, 11 × 12 = 132, na hiyo ndiyo so yenyewe.

Sasa rundika. Jenereta ya hatua 3 katika 22-EDO, ikirudiwa mara sita kutoka do, inakufikisha hatua ya 18, na zinabaki 4 kufika oktava: 3 3 3 3 3 3 4. Kuna hatua moja kubwa na sita ndogo, na hii huandikwa 1L 6s, L ikiwa kubwa na s ikiwa ndogo. Ukiongeza noti moja zaidi unapata 3 3 3 3 3 3 3 1, yaani 7L 1s, na hiyo ni Porcupine[8]. Skeli zenye ukubwa wa hatua wa aina mbili tu namna hii zilipewa nafasi ya pekee na Erv Wilson katika miaka ya 1970, na kifupi chake ni MOS (kwa Kiingereza, moment of symmetry). Kuanzia noti saba, urefu wa porcupine unaokubalika kwa kigezo hicho ni 7, 8, 15 na 22. Wa meantone ni 5, 7, 12, 19 na 31. Ukiona mtu ameandika Porcupine[9], hatua zake zina ukubwa wa aina tatu, na ni vizuri umwulize kama alikusudia.

Jina la herufi L na s halitaji temperamenti. 5L 2s katika 19-EDO ni 3 3 2 3 3 3 2, na katika 31-EDO ni 5 5 3 5 5 5 3, lakini mchoro huohuo hutokea pia katika mipangilio isiyo ya meantone. Taja yote mawili.

Hatua ya 9: Andika jina kamili na uliweke kwenye faili

Jina ambalo halitamlazimisha mtu akuulize linajibu maswali yote matatu ya Hatua ya 1, pamoja na kikomo. Kwa mfano wetu: Porcupine[7] (1L 6s), kikomo cha 5, 15 & 22, katika 22-EDO. Faili lake la Scala litakuwa hivi:

! porcupine7.scl
!
Porcupine[7] 1L 6s, 22-EDO
7
!
163.636
327.273
490.909
654.545
818.182
981.818
2/1

Mistari inayoanza na alama ya mshangao hairuhusiwi kuathiri sauti. Ni maelezo tu. Mstari wa kwanza usio na alama hiyo ndio jina, unaofuata ni idadi ya noti, na do ya kwanza haiandikwi kwa kuwa inaeleweka.

*Tahadhari kubwa kuliko zote.* Katika faili hili namba yenye nukta ni senti, na namba isiyo na nukta ni uwiano. Faili langu la kwanza lilikuwa la 15-EDO, na kwa kuwa hatua zake ni senti 80 kamili, niliandika 80, 160, 240 na kuendelea, bila nukta. Programu ikasoma 80/1, yaani oktava zaidi ya sita juu ya do. Nilibonyeza kila ufunguo; do ilisikika, oktava yake ikasikika, na zilizo katikati zote zikawa kimya, kwa sababu zilikuwa juu ya kiwango ambacho sikio la binadamu linaweza kukisikia. Nilibadilisha waya wa spika mara mbili kabla ya kulitazama faili. Andika 80.0.

Ukikwama

*Kuzidisha kwa kupishana kumetoa sifuri tatu.* Ramani moja ni kigawe cha nyingine. 12 & 24 hufanya hivyo, kwa kuwa ⟨24 38 56] ni ⟨12 19 28] mara mbili. Kwa kikomo cha 5, 24-EDO haikuongezei kitu ambacho 12-EDO haina. Tafuta jozi nyingine au panda kikomo.

*Vipeo vyote vinagawanyika kwa namba moja.* Jaribu 5 & 19: utapata −8, 8, −2, ambayo ni 81/80 mara mbili. Koma ni ya meantone, lakini jozi hiyo inazalisha noti za ziada zisizofikiwa na uwiano wowote wa kikomo cha 5. Usiitumie kama jina; 12 & 19 inafanya kazi hiyo bila masalia.

*Namba mbili zina kigawo cha shirika.* 12 & 22 zinagawanyika kwa 2, na hutapata jenereta kwa njia ya Hatua ya 8. Hapo skeli inajirudia kila nusu oktava, si kila oktava. Gawanya zote kwa 2, fanya hesabu kwa 6 na 11, na ukumbuke kwamba jibu linahusu senti 600. Koma utakayoipata ni 2048/2025.

*Watu wawili wanasema "meantone" lakini noti zao za namba tasa 7 hazilingani.* Hawajataja kikomo. Katika kikomo cha 5, jozi 5 & 12 na 12 & 19 zinatoa 81/80 ileile. Ongeza 7, na ramani zinakuwa ⟨5 8 12 14], ⟨12 19 28 34] na ⟨19 30 44 53]. Sasa jaribu 36/35: kwa 5 ni 10 + 16 − 12 − 14 = 0, kwa 12 ni 24 + 38 − 28 − 34 = 0, lakini kwa 19 ni 38 + 60 − 44 − 53 = 1. Njia zimeachana: 5 & 12 huitwa dominant, na 12 & 19 hubaki na jina la meantone.

*Jina lina herufi mbele ya namba, au limeandikwa EDT.* Kinachogawanywa si oktava. b13 na 13-EDT ni uwiano wa 3/1 uliogawanywa mara 13, senti 146.3 kila hatua, na ndio msingi wa skeli ya Bohlen-Pierce. Mstari wa mwisho wa faili lake ni 3/1, na ukiuandika 2/1 kwa mazoea utaharibu kila kitu kilicho juu ya noti ya mwisho.

*Jina ulilopewa ni rasti, bayati au hijazi.* Hilo ni jina la maqamu (mtindo wa sauti wa muziki wa Kiarabu), si la temperamenti, na usilazimishe kulipa EDO. Mpiga kanuni (kile chombo cha nyuzi) katika kundi la taarabu Unguja akitaja bayati anataja sauti zenyewe, mahali wimbo unapoanzia na unapotua, na mapito yake. Mgawanyo wa 24, ambao ulijadiliwa sana kwenye kongamano la muziki wa Kiarabu la Cairo la mwaka 1932, ni njia ya kuziandika noti hizo kwenye karatasi. Vidole vya mpigaji haviufuati kwa senti. Tahadhari hiyohiyo inahusu amadinda, marimba ya Buganda, ambayo vitabu vingi huiweka karibu na 5-EDO: andika "karibu na 5-EDO", kisha uweke senti ulizopima kwenye chombo chenyewe, ufunguo kwa ufunguo.

*Koma uliyoipata haimo katika orodha yangu.* Kwanza irudishe kwenye Hatua ya 4 kwa ramani zote mbili. Ikitoa sifuri pande zote, hesabu yako ni sahihi na jina linaweza kusubiri: andika jozi ya namba, kikomo na koma yenyewe, na mtu yeyote anayeifahamu fani ataweza kuijenga upya bila kukosea.